Hilux ya mzigo, lami ya Bariadi na udongo wa Meatu: nifunge tairi gani?

*"Habari mtaalamu. Naishi Mwanza, nauza dawa za mifugo na mbegu. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli. Kila wiki natoka Mwanza kwa lami kupitia Magu na Lamadi hadi Bariadi, halafu naingia rafu kwenda vijiji vya Maswa na Meatu. Nikipiga hesabu, katika kila kilomita kumi, saba ni lami. Nyuma nabeba kilo 600 hadi 700. Mwaka huu nimepasukiwa tairi mara tatu, mara mbili ubavuni, na mwezi wa tatu nililala njiani kwa sababu ya tope. Tairi nilizonazo ni 265/65R17 za H/T, yaani za barabara kuu. Mume wangu anataka nifunge zile za kashata kubwa kabisa, yaani vile vipande vya mpira vinavyotokeza usoni mwa tairi. Dukani wananiambia nichukue A/T, yaani ya lami na rafu, yenye namba kubwa zaidi ili gari inyanyuke. Fundi wa pancha anasema nipunguze upepo njia nzima ili mawe yasipasue tairi. Nimsikilize nani?"*

Dada yangu, pole kwa matairi matatu na kwa usiku ule wa Meatu. Kila mmoja kati ya hao watatu ana kipande cha ukweli mkononi, lakini hakuna aliyeanza na mzigo wako wala na zile kilomita saba za lami. Nitaanza nazo, maana ndizo zitakazoamua.

Kwanza tutenganishe mambo. Tairi kupasuka ubavuni na gari kunasa kwenye tope ni matatizo mawili, na tiba ya moja haitibu lingine. Lipo na la tatu ambalo hukulitaja: kusimama kwa wakati kwenye lami iliyolowa, pale Magu au Lamadi, ng'ombe anapokatisha na mwendesha baiskeli yuko pembeni. Unaweza kununua tairi litakalokuvusha Meatu likakuponza Magu. Ninapenda sana magari ya rafu, lakini kila ninapomshauri mtu tairi huanza na breki, kwa sababu breki za gari lako zinaishia kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja, vinavyogusa barabara.

Sasa ubavu. Watu wengi wanadhani tairi ndilo linalobeba gari. Kinachobeba ni upepo ulio ndani. Tairi ni mfuko wa kuushikilia. Upepo ukipungua, ubavu unajikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Ukiwa na kilo 700 nyuma, kwenye lami ya saa sita mchana, kwa mwendo wa 90 au 100, joto hilo linajijenga mpaka mpira unaanza kuachana na nyuzi zilizomo ndani yake. Tairi haliwezi kukuambia. Linavumilia leo, linavumilia kesho, halafu siku moja linagonga jiwe dogo ambalo zamani lingelipita salama, na wewe unalilaumu jiwe.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, kama yale mawili yaliyopasuka ubavuni bado yapo, mwambie fundi akufungulie uyatazame kwa ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mstari uliochakaa umezunguka ubavu mzima, tairi hilo lilikuwa likitembea na upepo mdogo kwa muda mrefu. Ukikuta mchano mmoja safi kama wa kisu na sehemu nyingine zote ni nzima, hilo ni jiwe kweli. Na kama rimu imepinda mahali palepale ubavu ulipochanika, ulipiga shimo kwa kasi na ubavu ukabanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Majibu haya matatu yanakupeleka njia tofauti, na hayakugharimu kitu.

Hapo ndipo ushauri wa fundi wa pancha unapohitaji kurekebishwa. Ni kweli kwamba kwenye rafu, tairi lenye upepo uliopungua kidogo linalikumbatia jiwe badala ya kulipiga ngumi, na gari linatulia kwenye yale mawimbi ya barabara ya changarawe. Lakini upepo ukipungua sana, ubavu unatokeza nje, na ubavu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Umelinda uso wa tairi ukaanika mbavu. Na akisema "njia nzima" maana yake ni pamoja na lami, ambako tumeona joto linavyofanya kazi. Kupunguza upepo ni kwa ajili ya rafu tu, kwa mwendo wa rafu, na ukirudi kwenye lami unajaza palepale. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, pamoja na geji ya kwako mwenyewe, vitakuokolea matairi mengi kuliko chapa yoyote utakayoinunua.

Kabla sijaondoka kwa fundi wa pancha, kuna jambo moja linanisumbua. Tubless, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, likichanika ubavuni, wengi wanashona, wanabandika kiraka, wanatia tyubu ndani, na mteja anaondoka. Kukufikisha Bariadi polepole ukiwa umekwama porini, sawa. Kulitumia kwa mzigo kwenye lami, hapana. Tyubu inasuguana na tairi, joto linazidi, na ubavu ulioshonwa hauna tena nguvu ya nyuzi zake. Tundu la msumari kwenye uso wa tairi linazibika vizuri. La ubavuni halizibiki kwa usalama.

Tuje kwa mume wako. Kashata kubwa anazozitaka ni za tairi la M/T, yaani la matope. Nafasi pana kati ya kashata zina kazi maalumu: gurudumu likizunguka, tope linarushwa nje, na kashata zinaingia tena zikiwa safi. Kwenye udongo laini wenye majimaji, na hata kwenye shamba lililolimwa, hakuna linaloshindana nalo. Bei yake unailipia kwenye lami. Palipo na nafasi hapana mpira, na mpira unaogusa barabara ndio unaoshika. Kashata ndefu pia huyumba unapokanyaga breki au kukata kona, kama mtu aliyesimama juu ya viatu virefu. Mvua ikinyesha, gari linachelewa kusimama. Miaka iliyopita niliendesha pikapu yenye M/T mpya kabisa, mvua ya kwanza, lami ikiwa na vumbi lililogeuka utelezi. Mbele yangu basi likasimama kushusha abiria. Nilikuwa mbali vya kutosha kwa tairi la kawaida. Kwa lile, nilimalizia kwenye majani pembeni ya barabara. Hakuna aliyeumia, na tangu siku hiyo simfungii M/T mtu ambaye saba ya kumi zake ni lami. Ongeza kelele ndani ya kebini, mafuta yanayozidi, na kashata zinazoisha haraka kwa joto la lami.

Mume wako ana haki kwenye jambo moja: H/T ulizonazo hazikufai tena. H/T imetengenezwa kwa barabara kuu. Mifereji yake ni myembamba, kwa kawaida mpira wake wa juu hauna kina kikubwa, na ubavu wake ni mwepesi ili gari litembee kwa ulaini na kunywa mafuta kidogo. Kwa mtu anayezunguka Mwanza mjini na kwenda Shinyanga kwa lami, ni tairi zuri sana. Kwenye changarawe, kokoto zinajiviringisha chini yake kama gololi, nalo halina meno ya kupenya hadi kwenye ardhi ngumu iliyo chini.

Basi A/T inakaa katikati, na kukaa katikati maana yake kila upande imeacha kitu. Haisimami kwenye lami yenye maji kama H/T nzuri, na haijisafishi tope kama M/T. Tena A/T zenyewe hazifanani. Ziko za upole, ambazo kashata zake zimesogeleana na zina vichanjo vyembamba vingi vya kukata maji. Ziko za ukali, zenye kashata zilizoachana na kupanda hadi mabegani mwa tairi, karibu kuwa M/T. Muuzaji ataziita zote A/T. Kwa safari zako chukua ya upole au ya wastani. Simama mbele ya tairi utazame: ukiona vichanjo vingi juu ya kila kashata na hakuna mapengo makubwa katikati ya uso wa tairi, uko mahali sahihi.

Lakini kwako wewe, uso wa tairi ni swali la pili. La kwanza ni mwili wake, na huo unasomeka ubavuni. Ukubwa uleule wa 265/65R17 unauzwa kwa miili miwili. Mmoja ni wa gari la kawaida, ambao mara nyingi utaona namba 112 ikifuatiwa na herufi. Namba hiyo ni uzito: 112 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. Mwingine ni wa gari la mzigo, unaanza na herufi LT, na namba yake inaweza kuwa 120/117. Ile 120 ni kilo 1,400. Haya ndiyo mafundi wanaita plai kumi. Usidhani ukilikata utahesabu tabaka kumi ndani yake. Siku hizi plai kumi ni kipimo cha nguvu tu. Baadhi ya hizo LT zina tabaka tatu za nyuzi ubavuni badala ya mbili, na maandishi ya ubavuni yanasema hivyo. Madereva wa watalii wa Arusha wanaopita kwenye mawe ya Engaruka wanajua thamani ya ubavu mzito, na mawe yako ya Meatu hayana huruma zaidi.

Nakushauri hivi: LT, A/T ya wastani, ukubwa uleule ulionao, tano za aina moja. Tano na si nne, kwa sababu tatu zimeshakufia mwaka huu na tairi la akiba utalitumia. Pia unapounganisha foo wili kwenye tope, tairi za mbele na za nyuma zikiwa na vimo tofauti zinavutana, na gia ndizo zinazoumia. Ukizizungusha zote tano kila baada ya kilomita 10,000 hivi, zitachakaa pamoja.

Ubaya wake nikueleze mapema. LT ni nzito na ngumu. Ukiwa huna mzigo utalisikia kila tuta mgongoni, na mafuta yatapanda kidogo. Kubwa zaidi, LT linahitaji upepo mwingi kuliko tairi la kawaida ili libebe uzito uleule. Kile kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kiliandikwa kwa ajili ya tairi lililokuja na gari. Watu wananunua LT, wanajaza kwa namba ya kibandiko, kisha wanashangaa tairi "ngumu" limekufa kwa joto. Muuzaji makini ana jedwali la mtengenezaji linaloonyesha upepo kwa kila uzito, mwambie akuonyeshe. Akishindwa, nenda duka lingine.

Ili jedwali likusaidie unatakiwa kuujua uzito wako. Viwanda vya kuchambua pamba vina mizani ya magari. Siku umepakia kila kitu, pamoja na wewe, msaidizi, maji na tairi la akiba, omba wakupime mara mbili: gari zima, halafu magurudumu ya nyuma peke yake. Gawa ile ya pili kwa mbili. Hiyo ndiyo kazi ya kila tairi la nyuma, na nadhani utashangaa. Kilo 600 si mzigo wa kuionea Hilux huruma, ila karibu zote zinakaa juu ya ekseli ya nyuma.

Kisha thibitisha barabarani. Pima upepo alfajiri kabla gari halijatembea, endesha saa moja kwenye lami, simama upime tena. Upepo lazima upande kwa joto. Ukipanda psi 4 hadi 6, uko vizuri. Ukipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo au ulikimbia mno kwa mzigo ulionao. Usitoe upepo tairi likiwa la moto ili "lirudi" kwenye namba yako. Likipoa litakuwa chini ya kiwango. Kwenye rafu punguza kama robo ya upepo wa lami, shusha mwendo uwe 60 au chini yake, na mkishuka kupakua mzigo kijijini tembeza kiganja ubavuni mwa kila tairi. Lililo la moto kuliko wenzake lina jambo.

Ushauri wa dukani nitaupitia haraka. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kimo cha tairi kinapanda kutoka milimita 776 hadi 803 hivi. Gari linanyanyuka nusu ya tofauti hiyo, milimita 13, unene wa kidole chako kidogo. Mshale ukisoma 100 wewe unakwenda zaidi ya 103, gia zinakuwa nzito, breki zinapata kazi zaidi, na ukikata usukani wote na mzigo nyuma tairi linaweza kusugua. Kwa unene wa kidole, baki na ukubwa wako. Wala usipanuke kutoka milimita 265 kwenda 285 kwa ajili ya tope: tairi pana linafaa mchanga, kwa kuwa linaelea juu yake, lakini kwenye tope lenye ardhi ngumu chini, jembamba hukata likafika pa kushika.

Na tope lenyewe? Hapa sitakupa matumaini ya dukani. Udongo mweusi wa mbuga za Meatu na Maswa ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Unanata kwenye tairi, unajaza nafasi zote, na baada ya mizunguko michache A/T yako ina uso laini kama chungu. M/T itakwenda mbele zaidi kidogo, halafu nayo itajaa, na mara nyingi kinachotokea ni kunasa mbali zaidi na barabara. Ukikanyaga moto magurudumu yazunguke bure, unachimba kaburi la ekseli. Kwa udongo ule, minyororo ya magurudumu kwenye boksi nyuma, chepeo na kamba nzito vina thamani kuliko kashata yoyote, na jua la saa chache lina thamani kuliko vyote. Wateja wako ni wafugaji, wanakujua. Panga vijiji vya mbugani wiki isiyo na mvua, na ikinyesha usiku anza na vile vilivyo kwenye changarawe. Foo wili iunganishe kabla ya tope, ukiwa bado unatembea, si baada ya kuzama. Na ukirudi kwenye lami, safisha matairi kabla ya kukimbia: bonge la udongo lililoganda ndani ya rimu linatikisa usukani mpaka utadhani gari limeharibika.

Kama pesa haitoshi LT tano sasa, usikope kwa ajili hiyo. Nunua A/T za kawaida nne za namba 112 au zaidi, kompresa na geji, punguza mzigo uwe kilo 500, na mwendo uwe wa heshima. Hizo zitaishi kuliko LT za mtu asiyepima upepo. Ninachokukataza ni mtumba. Uso wake unaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umezeeka kwa jua, na majeraha ya ndani huyaoni. Hata kwa tairi jipya soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililokaa stoo miaka minne au mitano likiuzwa kama jipya, liache.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyajibu bila kuliona gari. Matairi matatu kwa mwaka ni mengi. Kama yote yalipasuka upande mmoja wa gari, au kama tairi zako zinaliwa bega moja, au usukani unavuta, nenda kwa fundi mwenye mashine ya alaimenti, na mwambie atazame shokapu, busha na rimu kabla hujafunga matairi mapya. Vinginevyo utalisha mapya ugonjwa uleule. Mtetemo unaoanza kwenye 80 na kuendelea unahitaji kupimwa balansi wiki hii. Na ukiona nundu ubavuni, hata ndogo kama nusu ya limau, nyuzi zimeshakatika ndani yake: hilo halisubiri zamu ya Meatu, litolewe kabla gari halijatoka Mwanza. Ukifika kwa fundi, mwambie ateremshe na lile la akiba chini ya bodi alipime upepo na kusoma tarehe yake, maana hilo ndilo utakalolitegemea jioni moja huko mbugani.